Mazimwi Walikuja Kinyumenyume

Mazimwi walikuja kinyumenyume. Inaanza hivyo, na ukianza na kitu kingine umeshaiharibu. Visigino vyao vinatangulia, vidole vinatazama kule wanakotoka. Kwa hiyo asubuhi watu wa ile nchi walikuta nyayo kwenye tope, zimetoka milangoni kwao zinateremka bondeni. Wakasema, "Ah, walikuja, wameshaondoka. Twende tukalale." Wakalala. Na mazimwi iko ndani, chini ya vitanda, wanasikiliza.

Walikuwa wanasikiliza kwa sababu zimwi hana sauti. Akifungua mdomo inatoka upepo tu, fuuu, kama mtu anapuliza imbabura, lile jiko la mkaa, makaa yakiwa mabichi. Sauti anaipata kwa kula. Akimla muuza maziwa, kesho anapita njiani anaita kama muuza maziwa. Akimla mama, anagonga mlango anaita kama mama: "Mwanangu, nifungulie, mikono imejaa." Watu wengi waliisha hivyo, wanafungua mlango na furaha. Mpaka waliobaki wakajifunza kuuliza kwanza: "Jana ulikula nini?" Zimwi sauti anayo, lakini kudanganya hajui. Anajibu pale pale, "Nilikula mwenye hii sauti."

Hapa mimi sisimulii, tuelewane. Siruhusiwi tena, na utaona sababu. Mimi sikusoma, nasema, mwingine anaandika, na kwenye karatasi sauti hakuna. Kwa hiyo sheria sijavunja. Kama nimeivunja, njoo unishtaki.

Mama yangu ndiye alikuwa anaisimulia, mtaani Nyamirambo, uani kwetu, mwezi wa Ramadhani, ile saa mbaya kabla ya magharibi. Wewe unayefunga unaijua hiyo saa. Tumbo limegusana na mgongo, ulimi ni kama kipande cha ngozi, na sambusa zinaelea kwenye mafuta zinakutazama. Wanawake wa nyumba za karibu walikuja na unga wao na mabeseni yao, tunakunja pamoja, na Mama anatupa habari za wanaokula watu. Kina mama wengine saa hiyo wanamtaja Mungu. Sisi tunahesabu mifupa.

Na kwetu kulikuwa na desturi yake. Zimwi anapofungua mdomo, lazima msimulizi ampe sauti ya mtu aliyekaa pale. Marehemu hapana. Mtu wa mbali hapana. Mtu yuko pale, unga mkononi, masikio wazi. Msimulizi anamwiga, zimwi anaongea kwa ile sauti, watu wanacheka mpaka wanashika kuta, halafu wote wanamgeukia mwenye sauti. Naye anasema neno moja: "Nimeliwa." Akilisema, habari inaendelea. Akikataa, habari inasimama pale pale, na yule msimulizi hawezi kuisogeza tena kwenye ile nyumba mpaka neno litoke.

Kwetu hakuna aliyewahi kukataa. Shoga yangu fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, yeye alikuwa anaombea kuliwa. Ana sauti ya kukoroma kama gari ya mchanga inapanda kwenda juu Nyamirambo, na usipomla anavimba. "Yewe, mwaka huu mmeniacha? Nimekonda?"

Kulikuwa na desturi nyingine, na hiyo haikutumika mara nyingi. Mtu akiweza kumpa zimwi sauti ya msimulizi mwenyewe, mbele yake, na yule msimulizi akasema "Nimeliwa," basi habari imehamia mdomo mwingine. Aliyeliwa hasimulii tena mpaka kufa. Anahamia kwenye mafuta. Anakaanga, wengine wanaongea.

Mimi nilimla Mama yangu nikiwa na mimba ya mwanangu. Alikuwa na pengo hapa mbele, maneno yakipita yanapiga mluzi. Na alikuwa na tabia: jirani akileta chakula, "Asante mwanangu, mikono yako itaingia peponi," jirani akifika kwenye geti, Mama anaonja, anasema chini chini, "Chumvi imekufa." Nilichukua vyote, mluzi, pepo na chumvi, nikampa zimwi. Mama aliacha sambusa moja haijafungwa mkononi. Alinitazama kama mtu anatazama nguo yake kwenye mwili wa mwingine. Akasema, "Nimeliwa." Akavuta kigoda chake mpaka kwenye karai, akaanza kugeuza. Alikaa kwenye yale mafuta mpaka Mungu alipomchukua. Sikumwonea huruma. Na yeye alimla shangazi yake.

Basi. Ukuta wa nyumba yetu ulianguka wakati wa mvua, ule wa upande wa chumba changu. Mwanangu akaja na pikapu. Mwanangu huyu kabla ya kusema kitu anakikorogea kwanza kooni: "Eeeh, Mama, eeeh, unajua, eeeh, si vizuri, eeeh." Mpaka anamaliza, vitu vyangu vimeshapandishwa. Ndiyo nikafika mtaani kwake, Niboye.

Nyumba ya mwanangu ni nzuri, sisemi uongo. Chini iko na vigae, unaona uso wako hata kama hutaki. Geti iko na mlinzi. Na ndani iko na mke wa mwanangu. Amekulia Kampala, anafanya kazi ya ofisi, anaamka kabla ya alfajiri, anaswali, anapiga pasi, hana kosa. Kosa hana kabisa. Mtu wa hivyo utamfanya nini?

Siku ya kwanza nikashika kisu nikate vitunguu. Akaja kwa viatu vyake vya laini, akakitoa kisu kwenye vidole vyangu kimoja kimoja. "Mama, usichoke. Kaa tu. Mimi nitafanya." Siku ya pili nikashika ufagio. "Banange, Mama, mgongo wako! Kaa tu." Siku nyingine nikawasha imbabura yangu pale nyuma. "Moshi, Mama. Ukuta ni mweupe. Usichoke." Imbabura ikaondoka. Karai la Mama yangu, lile la mafuta, zito, jeusi kwa miaka yote, nililitafuta wiki nzima. Nikalikuta kwa mlinzi kwenye geti. Amelitoboa chini, amepanda vitunguu majani.

"Nani alikupa?"

"Madamu, bibi mukecuru. Alisema ni chakavu."

Chakavu! Vitunguu vilikuwa vimeota vizuri, hilo ndilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo nikakaa. Nikakaa salooni, nikakaa barazani, nikakaa kitandani. Unajua kukaa kunavyochosha? Kitu kimoja tu hakuweza kunitoa mkononi, kwa sababu hakikuwa mkononi. Habari ya mazimwi nilikuja nayo mdomoni, na nilikuwa nasubiri Ramadhani kama mtu anasubiri mshahara. Niliwaza: ikifika ile saa, hata hapa Niboye, watu watanigeukia mimi.

Ikafika. Shoga yangu fundi alipanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka Nyamirambo, akashuka amepauka, anamtukana dereva na wazazi wake wote. Tukakaa barazani, mimi, fundi, mwanangu, mke wake na binti yao, mtoto wa ule umri wa meno makubwa kuliko uso. Nikaanza. Visigino, nyayo, tope. Zimwi wa kwanza nikampa mkoromo wa fundi. "Nimeliwa!" akapiga kelele kabla hata sijamaliza. Wakaja wa pili, wale ambao tumbo liko peke yake, linatembea nyuma yao kwa kamba kama mbuzi, na mwenyewe akilala, tumbo linakata kamba linaingia kwa jirani. Hao nikawapa "eeeh" ya mwanangu. Zimwi anataka kuomba nyama, mpaka anamaliza "eeeh" nyama imeoza. Mwanangu akacheka kwa pua. "Eeeh, nimeliwa, Mama."

Halafu akaja Malkia.

Malkia wa mazimwi hali mtu. Hiyo ndiyo mbaya yake. Anaingia mchana, amepigwa pasi, anabisha hodi. Anakulamba shavu, polepole, kama ng'ombe na ndama wake, na pale alipolamba hubaki na kitu. Amelamba mkono, umesahau kazi. Amelamba paji la uso, umesahau uso wa mama yako. Nchi nzima ilikaa chini kimya, watu wazima na afya zao, hawajui kushika jembe, wanatabasamu. Na Malkia anapita katikati yao kwa viatu vya laini. Nikafungua mdomo:

"Mama, usichoke. Kaa tu. Mimi nitafanya. Banange, mgongo wako!"

Wallahi ilitoka nzuri. Ilitoka na ule mkono wake wa kulainisha sketi, na ile pumzi ndogo anayovuta kabla ya "usichoke." Fundi alianguka kutoka kwenye kiti, kweli, akabaki chini ameshika tumbo. Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mwanangu alicheka kidogo, halafu akaanza kutazama vigae kama vimeandikwa kitu.

Tukamgeukia mke wake.

"Haya mama, sema," fundi akamwambia kutoka chini.

"Niseme nini?"

"Nimeliwa."

Akalainisha sketi. "Sisemi."

"Ni mchezo tu, mwanangu."

"Kama ni mchezo, mimi sichezi." Akanigeukia, sauti ileile, tamu, haijapanda hata kidogo. "Na Mama, hii ni hadithi gani? Watu wanaingia kwa watu, wanamaliza nyumba nzima. Kwa hii nchi? Mbele ya mtoto? Kesho akienda kuisema shuleni?"

Nikamwambia, "Mimi nilikuwa hapa watu walipomalizwa. Wewe ulikuwa Kampala."

Adhana ikalia kwenye simu ya mwanangu. Tukala tende. Hata kutafuna kulisikika.

Na habari ikabaki pale. Malkia amesimama katikati ya nchi, ulimi nje, na mimi siwezi kumsogeza hatua moja, kwa sababu ya neno moja kwenye mdomo wa mke wa mwanangu. Niliona anajua. Mtu wa Kampala anajua haraka.

Mwaka mzima nililitafuta lile neno. Anavaa viatu asubuhi, nasema, "Mwanangu, neno moja tu." "Mama, nimechelewa." Anatoka kuswali, "Sasa umetakata, sema." Anacheka kidogo: "Mama, usichoke." Nikaugua malaria, nimelala, naona dari mbili. Akaja na uji, akanipulizia, akanishika kichwa vizuri kabisa.

"Kunywa, Mama."

"Sema neno, nitakunywa."

"Kunywa kwanza."

Nikanywa. Wote. Akatazama ndani ya kikombe, akasema, "Kale, haya, umemaliza," akatoka na kikombe chake. Nililala nikamcheka, nakwambia ukweli. Alikuwa ananila vizuri kuliko mazimwi wote wa Mama.

Hapo ndipo nikamfikiria mtoto. Desturi inamfunga msimulizi aliyekataliwa. Mwingine haimfungi. Mtoto akisimama, akampa Malkia sauti ya mama yake mwenyewe mbele ya wageni, mama atafanya nini? Atamkasirikia damu yake? Atakataa neno mbele ya wakwe na majirani, kwa sababu ya kitoto chenye meno? Atalisema. Na nitakuwa nimekaa pale, nimekaa tu, kama alivyonifundisha, nikilisikia.

Nikaanza kumfundisha nyuma ya nyumba, karibu na bomba, mama yake akiwa kazini. Mtoto aliingia kwenye kuiga na koo. Wote wanaingia na koo. Nikamwambia, koo waachie kasuku. Msikilize mtu kabla hajaongea. Baba yako anatafuta ruhusa kabla ya kusema. Muuza maziwa anameza mate kabla ya kutaja bei. Mlinzi anakohoa kidogo kabla ya kudanganya kwamba hakulala. Shika hicho. Maneno yatakuja yenyewe.

Sikumbembeleza. Akikosea: "Sauti gani hiyo? Bata ana mafua?" Akilia: "Lia, lakini lia kama baba yako, usipoteze machozi." Alikuwa anafuta uso kwa sweta ya shule, anaanza tena. Alimpata muuza maziwa mpaka jirani akatoka na sufuria tupu barabarani, anatazama huku na huku. Sikumsifu. Nilisema tu, "Kesho mama yako."

Mama yake alituchukua muda. Mtoto alikuwa anaona haya. Nikamwambia, "Zimwi haoni haya, ndiyo maana anashiba." Na siku moja, nimekaa pale kwenye bomba nimempa mgongo, nikasikia nyuma yangu, "Mama, usichoke," nikaruka nikafunika kwa kitenge kiberiti ninachomficha mke wa mwanangu. Nikageuka, ni mtoto. Hapo nikajua iko tayari. Nikamtuma maji.

Jioni nilikuwa nampigia simu fundi, nafunga mlango, tunacheka. Masikio yangu si mazuri, kwa hiyo naongea juu. Hilo liweke hapo, utalihitaji.

Ramadhani ikarudi. Mwanangu aliwaalika watu wa Nyamirambo, wale wa uani kwetu wa zamani waliobaki, na mke wake akapanga viti barazani, kila kiti na mto wake. Sambusa zilitoka dukani, zote sawasawa kama askari. Ile saa ikafika, watu wamekauka midomo, na fundi akasema kwa nguvu, "Habari! Tupe habari yetu, mukecuru!"

"Mimi nimefungwa mdomo," nikasema, natazama sketi ya mtu fulani. "Malkia amesimama hapa hapa barazani tangu mwaka jana. Muulizeni mwenye nyumba."

Mke wa mwanangu akapanga leso za karatasi.

"Mimi nitasema," mtoto akasema.

Akasimama katikati ya vigae, miguu pamoja, mikono nyuma. Mama yake alitaka kusema kitu, mwanangu akatangulia, "Eeeh, mwache." Kwa mara ya kwanza ile "eeeh" ilifanya kazi.

"Mazimwi walikuja kinyumenyume," mtoto akaanza, na nikaona wazee wa Nyamirambo wanakaa vizuri. Aliijua. Alitembea kinyumenyume kwenye vigae bila kutazama nyuma, uso ametugeuzia, polepole, mpaka mama mmoja akavuta miguu yake chini ya kiti. Zimwi wa kwanza akampa fundi. "Nimeliwa! Nimeliwa na kitoto!" Wa pili, wale wa tumbo kwenye kamba, akawapa baba yake, na alimpata pale kwenye ruhusa, pale kabla ya neno. Baba yake akafunika uso. "Nimeliwa." Watu walikuwa wanalia kwa kucheka, hakuna aliyekumbuka njaa.

"Halafu akaja Malkia."

Nilimtazama mke wa mwanangu, siyo mtoto. Nilitaka kuona uso wake neno likitoka. Alikuwa amekaa wima, amelainisha sketi, anasubiri kuliwa. Alijua. Mpango wangu alikuwa anaujua!

Mtoto akakohoa. Kikohozi cha kavu, kh, kh, halafu akavuta mate pembeni ya meno.

"Aah, shoga," Malkia akasema, "hapa nimefungwa kama kuku wa sikukuu. Wallahi nitakufa nimekaa."

Sikumjua. Nakwambia ukweli wa Mungu, sikumjua. Ilikuwa sauti ya mzee mmoja mbaya, kama bawaba ya mlango wa choo, inapanda juu kwenye kila neno la mwisho inaomba kuhurumiwa. Nikajiuliza ni nani huyu, jirani gani, nimemkosaje. Mimi nina sauti za watu wote, hiyo sikuwa nayo. Nikamgusa fundi. "Ni nani huyo?"

Fundi alikuwa ameingiza uso mzima ndani ya kanga. "Shoga," akasema mle ndani, "ni wewe."

"Yule mke wa mwanangu ananilamba," Malkia akaendelea, "ananilamba mpaka nitaisha kama pipi. Mwanangu? Mwanamume yule? Ule ni mto wa kiti, anayekalia ndiye mwenyewe." Kh, kh. "Na mtoto, shoga, mtoto kichwani hakuna kitu. Papai bovu. Iko masikio tu. Lakini nitamtumia. Nikimaliza naye, namrudishia mama yake."

Nilisema hivyo? Nilisema. Kwenye simu, mlango umefungwa, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye geti. Mtu kusema na shoga yake ni dhambi?

Mtoto akanijia. Kinyumenyume, visigino mbele, uso amenigeuzia begani. Akafika kwenye magoti yangu, akageuka, akainama, akanilamba shavu. Ulimi wa mtoto aliyefunga, mkavu kama wa paka.

"Njoo mjukuu," akaniambia kwa sauti yangu. "Sauti gani hiyo? Bata ana mafua?"

Hakuna aliyecheka. Wa kwanza kucheka alikuwa mke wa mwanangu. Alianza chini, ndani ya leso ya karatasi, halafu ikamshinda, akacheka mdomo wazi, meno yote, kwa kicheko cha uani kabisa ambacho sikujua anacho. Ndipo na wengine wakaachia. Hata mwanangu, ule mto wa kiti.

Wakanigeukia.

Ningeweza kukataa. Njia ilikuwa wazi, mwenye nyumba alishanionyesha: lainisha sketi, sema "sisemi." Habari ingebaki imekwama mara mbili, kwa mimi na kwa mtoto, na Malkia angesimama pale barazani mpaka wote tuoze. Nilimtazama mtoto. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananisikiliza kabla sijaongea, kama nilivyomfundisha, anashika pumzi yangu aitie mfukoni.

"Nimeliwa," nikasema.

"Sikusikia, Mama," mke wa mwanangu akasema, anafuta macho.

"Nimeliwa!"

"Kale." Akavuta ile pumzi yake ndogo. "Na mimi, Mama, ile ya mwaka jana. Nimeliwa. Samahani nimechelewa. Haya, sasa endelea na habari yako."

Alilisema hivyo, kwa upole kabisa, mbele ya watu wote, lile neno nililoliombea kwenye malaria. Anajua aliyeliwa haendelei. Ilikuwa kama kumpa maiti maji ya kunywa. Nyumba nzima ikapiga makofi. Na mimi nilipiga, ningefanya nini, ilikuwa kazi nzuri.

Lakini habari ilikuwa bado. Mtoto hajawahi kusikia mwisho. Mwaka jana tulisimama kwa Malkia, na kwenye bomba sikumfundisha zaidi ya pale, sikuona haja. Mwisho wa Mama yangu, jinsi ile nchi ilivyomtoa Malkia, ninao mimi tu. Nikakaa kumsubiri mtoto akwame. Nilitaka akwame. Nilitaka nimwone anageuka huku na huku na yale meno.

Hakukwama. Alifikiri kidogo, akatengeneza wake.

"Malkia hakuondoka," akasema, na sasa alikuwa anatumia sauti ya mama yake, tamu, tamu. "Watu wa ile nchi waliamka, wakamwona, ni mzee tu, ana ulimi mrefu. Hawakumpiga. Walimtafutia chumba karibu na geti. Wakamwambia: Mama, usichoke. Kaa tu."

Adhana ikalia kwenye simu. Watu wakashika tende.

Kwetu aliyeliwa anaenda kwenye mafuta. Ni heshima yake, anawashibisha wengine. Nikasimama niende jikoni. Mke wa mwanangu akanirudisha kwa bega, hata hakunibana. Mafuta yenyewe hayakuwepo, sambusa zilitoka dukani. Nikakaa kwenye kiti chenye mto, nikala iliyokunjwa na mashine. Chumvi ilikuwa imekufa.

Baada ya sikukuu, asubuhi, nimelala chumbani, mlango ukagongwa. "Mama, ni mimi, fungua, nimekuletea chai." Sauti ya mke wa mwanangu, na ile pumzi mbele yake. Lakini mke wa mwanangu nilishasikia gari yake inatoka getini.

Nikauliza, "Jana ulikula nini?"

Bawaba ya choo, ile sauti yangu, ikajibu nyuma ya mlango, imepanda juu mwishoni kama inavyopanda: "Nilikula mwenye hii sauti."

"Unataka nini?"

"Bibi." Sasa ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba. "Fundi anasema mwisho wangu si wenyewe. Anasema ule wa zamani ni mwingine, ameusahau. Malkia alitolewaje? Nisimulie mimi tu. Sitasema kwa mtu."

Kabla ya "sitasema" alimeza mate. Nilisikia.

"Mimi nimeliwa," nikamwambia. "Si wewe umenila? Kama umenila, umenila na mwisho wangu. Jitafute tumboni."

Sikufungua. Nikavuta blanketi. Alikaa pale muda mrefu, namsikia anapumua kwenye tundu la ufunguo, halafu akaanza kunijaribu: akawa baba yake, akawa fundi, akawa mlinzi, akawa muuza maziwa, mmoja baada ya mwingine, wote wanaomba.